Breki Kwanza, Injini Baadaye
Nürburgring, Ujerumani, uwanja wa mbio za magari uliofunguliwa mwaka 1927, una siku ambazo mtu yeyote mwenye leseni ya udereva hulipia na kuingia na gari lake. Mzunguko wake wa kaskazini ni karibu kilomita 21.

Kabla ya kwenda huko, wengi hukimbilia kuongeza nguvu za injini. Wanakosea! Breki ndizo za kutangulia, kwa sababu mafuta yake hunyonya unyevu. Ya DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka, pedali huzama.

Kwa hiyo fundi wa nyumbani huanza kwa kubadilisha mafuta hayo: mmoja akanyage pedali, mwenzake alegeze kwa spana nati ya kutolea hewa kwenye breki, achungulie mpira mwangavu uliochomekwa hapo hadi mapovu yaishe. Pedi za breki zinazostahimili joto zifuate.