Mwalimu Mmoja, Mwanafunzi Mmoja

Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, alichapisha makala ambayo hadi leo hutajwa kila panapojadiliwa ufundishaji wa mwanafunzi mmoja mmoja. Makala hiyo ilitegemea majaribio ambamo watoto wa shule walifundishwa nadharia ya uwezekano, yaani tawi la hisabati linalopima nafasi ya jambo kutokea, pamoja na uchoraji wa ramani. Ilibainika kwamba mwanafunzi wa kiwango cha kati aliyepewa mwalimu wake peke yake aliwapita takriban asilimia 98 ya wale waliofundishwa katika darasa la kawaida, tofauti ambayo wanatakwimu huiita mikengeuko sanifu miwili, mkengeuko sanifu ukiwa ni kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani.

Tarakimu hiyo ilisifiwa kuliko ilivyostahili. Kurt VanLehn, mtafiti wa Marekani aliyezipitia tafiti nyingi mwaka 2011, alipata mkengeuko sanifu wa 0.79 tu kwa mwalimu binadamu, ambao hata hivyo si haba. Lenye uzito zaidi ni jambo aliloliona katika programu za kompyuta zinazofundisha: zile zinazosahihisha jibu la mwisho peke yake zilileta 0.31, ilhali zile zinazofuatilia kila hatua ya ukokotoaji zilifikia 0.76, karibu sawa na binadamu.

Sababu yake huonekana katika makosa yenyewe, ambayo ni nadra kuwa ya kubahatisha. John Seely Brown na Richard Burton walionyesha mwaka 1978 kwamba mtoto anayekosea kutoa mara nyingi hufuata kanuni, ila kanuni hiyo ni potofu. Anayeandika kuwa 52 kutoa 27 ni 35, kwa mfano, hutoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu, na atakosea vivyo hivyo kesho na keshokutwa. Alama ya mkasi haimwambii lolote kuhusu kanuni hiyo. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi wa takwimu anayezidisha uwezekano wa matukio mawili pasipo kuuliza kama moja linaathiri jingine. Katika sayansi ya kompyuta, John Anderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitengeneza katika miaka ya 1980 programu ya kufundishia lugha ya Lisp, iliyomfuata mwanafunzi alipokuwa akiandika na kumsimamisha pale pale alipopotoka, kabla kosa halijazikwa chini ya mistari mingine.

Kwa kipimo hicho cha kumfuatilia mwanafunzi hatua kwa hatua, tuisheni nyingi za Afrika Mashariki, ambamo kundi zima huketi mbele ya ubao kunakili mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, ni darasa la pili la siku ileile, na mzazi hulilipia kama kwamba ni kitu kingine.