Sabufa Nyingi, Risiva Moja



Temeke iko upande wa kusini wa jiji la Dar es Salaam. Ukipita Tandika au Mbagala siku ya Jumamosi, utasikia muziki kabla hujawaona watu. Mahali pengine kuna harusi. Mahali pengine mwali anatolewa, au kuna ngoma ya mtaani iitwayo kigodoro. Kinachotikisa kifua chako ni besi, yaani sauti nzito. Inatoka katika spika kubwa ambazo watu huziita sabufa.

Watu wa Dar es Salaam wana ujuzi wa siku nyingi wa kukuza sauti. Vikundi vya mchiriku vilipiga ngoma pamoja na kinanda kidogo cha Casio. Umeme wa kukuzia sauti ulitoka katika betri la gari. Kikundi kimoja, Jagwa Music, kilitoa albamu yake Bongo Hotheads mwaka 2012, nayo ilisikilizwa hata Ulaya. Baadaye muziki wa singeli ulivuma kutoka mitaa kama Tandale na Manzese.

Siku hizi watu wengi wana vyombo vya muziki nyumbani. Tuseme umenunua sabufa ya pili na ya tatu, lakini risiva yako ina tundu moja tu la sabufa. Utafanyaje? Wengine huunga waya popote zinapoingia. Matokeo yake amplifaya huungua, na fedha ya jasho hupotea. Pengine hata nyumba hushika moto. Basi soma hatua hizi kwa makini.

1. Jua kazi ya kila chombo

Risiva hupokea sauti kutoka kwenye televisheni, redio au simu. Huigawa sauti hiyo na kuipeleka mahali pake. Sauti inayotoka katika tundu la sabufa ni dhaifu sana. Haiwezi kusukuma spika kubwa. Amplifaya huichukua sauti hiyo dhaifu na kuitia nguvu. Spika huigeuza nguvu hiyo kuwa mlio.

2. Gawa sauti, usichanganye nguvu

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Sauti dhaifu inayotoka kwenye risiva unaweza kuigawa. Nunua waya wenye matawi mawili. Shina liingie katika risiva. Kila tawi liingie katika mlango wa sauti wa amplifaya moja. Risiva haitachoka, kwa sababu mlango huo hunywa umeme kidogo sana. Ni kama mwalimu mmoja anayesikilizwa na wanafunzi wengi.

Lakini nguvu inayotoka kwenye amplifaya usiichanganye. Usiunge waya za kutokea za amplifaya mbili katika spika moja. Kila moja itaisukuma nyingine, na zote zinaweza kuungua. Wahenga walisema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila amplifaya iwe na spika zake.

3. Hesabu omu

Nyuma ya spika pameandikwa namba, kama 4 au 8, pamoja na alama ya omu. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita. Jina hilo limetokana na Georg Ohm, Mjerumani aliyeeleza kanuni yake mwaka 1827.

Fikiri juu ya mifereji ya shamba. Ukifungua mfereji mmoja, maji hupita kwa kiasi. Ukifungua minne kwa pamoja, chanzo hutoa maji mengi zaidi. Ndivyo ilivyo kwa spika zilizounganishwa sambamba, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi:

Spika moja ya omu 8: ukinzani ni omu 8.
Spika mbili za omu 8: ukinzani ni omu 4.
Spika nne za omu 8: ukinzani ni omu 2.

Sasa tazama nyuma ya amplifaya. Ikiwa imeandikwa kwamba mwisho wake ni omu 4, usiipe spika nne kama hizo. Itapata moto mno na kuharibika.

4. Sabufa zivute pamoja

Watu wawili wakisukuma gari, mmoja mbele na mwingine nyuma, gari haliendi. Sabufa nazo ni hivyo. Moja ikisukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi hupotea, ingawa sabufa ni nyingi.

Pima kwa betri dogo la tochi la volti 1.5. Kwanza ondoa kabisa waya za amplifaya kwenye spika. Kisha gusisha upande wa kujumlisha wa betri kwenye nyekundu, na wa kutoa kwenye nyeusi, kwa nukta moja tu. Tazama karatasi ya spika. Ikiruka nje, waya ni sawa. Ikiingia ndani, waya zimegeuzwa. Pima spika zote, nazo ziruke upande mmoja.

5. Angalia umeme wa ukutani

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Unaua. Usifungue amplifaya iliyochomekwa, wala usishike plagi kwa mikono yenye maji.

Soketi ya kawaida hubeba ampea 13. Zidisha 13 kwa 230, utapata wati 2,990. Soma kibao cha kila chombo, kisha jumlisha wati zake. Jumla isipite hapo. Usitumie ekstensheni ya waya mwembamba, wala usiuache waya umeviringishwa, kwa maana hupata moto. Ukigusa plagi ikawa ya moto, zima mara moja na umwite fundi.

6. Kuwasha na kuzima

Punguza sauti zote. Washa risiva kwanza, kisha amplifaya moja moja. Ongeza sauti polepole. Wakati wa kuzima anza na amplifaya, risiva iwe ya mwisho. Hivyo sabufa hazitapigwa na kishindo.

Mwisho, kumbuka jirani. Besi hupita ukutani na kumfikia mgonjwa, mtoto mchanga na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kuzuia kelele na mitetemo. Muziki mzuri ni ule ambao kesho yake jirani bado anakusalimu.

Maswali

1. Kwa nini tunaweza kugawa sauti inayotoka kwenye risiva?
2. Kuna hatari gani kuunga amplifaya mbili katika spika moja?
3. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba, ukinzani utakuwa omu ngapi?
4. Una amplifaya tatu, kila moja ya wati 1,200. Je, soketi moja inatosha? Onyesha hesabu yako.
5. Jadilianeni darasani: muziki wa usiku kijijini kwenu uishe saa ngapi?