Je, Wajua? Kitambi Hakilali

Zamani wataalamu waliyaona mafuta ya mwilini kuwa ghala tu la akiba. Je, wajua kwamba seli za mafuta hutengeneza homoni? Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake jijini New York waligundua leptini, ambayo seli hizo huimwaga kwenye damu ili ubongo ujue akiba ipo kiasi gani.

Mwanamke akikoma hedhi, ovari huacha kumletea estrojeni ya kutosha, na kazi hiyo huangukia zaidi kwenye mafuta. Humo mna kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Mafuta yakizidi, estrojeni huzidi, na seli za matiti na za mji wa mimba huendelea kuchochewa zigawanyike wakati zilistahili kutulia, na hapo saratani hupata nafasi. Letrozoli na anastrozoli, vidonge ambavyo wagonjwa wengi wa saratani ya matiti humeza kila siku kwa miaka, kazi yake ni kukizuia kimeng'enya hicho.

Lakini kabla ya hedhi kukoma mambo hugeuka: wanawake wanene hupata saratani ya matiti kidogo kuliko wembamba. Wataalamu bado wanabishana kwa nini.

Saratani ngapi zinahusishwa na unene? Mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilitaja 5. Kufikia 2016 zilikuwa 13, zikiwemo za utumbo mpana, ini, figo, kongosho na mfuko wa nyongo. Ya mapafu haimo. Huko mshitakiwa mkuu ni tumbaku.

Ukipungua kilo, seli za mafuta husinyaa tu, hazipungui. Utafiti uliofanywa Sweden na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kwa mtu mzima idadi yake karibu haibadiliki: kila mwaka takriban 10 kati ya 100 hufa, na mpya hushika nafasi zake. Walijuaje umri wa seli? Kwa kaboni iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ikaingia kwenye mimea, kisha ndani yetu.

Umewahi kusimama karibu mbuzi akipasuliwa tumbo? Ule utandu wa mafuta uliofunika utumbo, binadamu naye anao. Saratani ya ovari ikianza kusambaa, huukimbilia. Watafiti wa Chicago walionyesha mwaka 2011 kuwa seli za mafuta za pale huzipa zile za saratani asidi za mafuta, nazo huzitumia kupata nguvu za kukua. Ndiyo maana mara nyingi madaktari wa upasuaji huuondoa utandu huo pamoja na ovari.

Lakini si mafuta yote huilisha saratani. Katika kipimo cha PET, mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi kidogo, na saratani, kwa uroho wake wa sukari, hung'aa kwenye picha. Baadhi ya wagonjwa waling'aa shingoni na mabegani, kulia na kushoto, hasa wakisikia baridi. Haikuwa saratani. Yalikuwa mafuta ya kahawia, ambayo huchoma sukari ili mwili upate joto, na ndiyo maana siku hizi anayesubiri kipimo hicho hupewa blanketi. Mwaka 2022, Sweden tena, panya wenye saratani waliwekwa kwenye baridi ya nyuzi 4. Mafuta hayo yakainyang'anya saratani sukari, nayo ikakua polepole. Lakini hao ni panya, usije ukaanza kulala barazani bila shuka.