Nani Ametoa Upepo?

Watoto, mwajua kwamba mawe ya Goma ni meusi. Yalikuwa moto uliomiminika kutoka mlima Nyiragongo, kisha ukapoa. Mwaka 2002 moto huo ulipita hata katikati ya mji. Na jiwe jeusi hupata joto upesi juani.

Tuseme darasa la tano wanashindana na darasa la sita. Saa sita mchana darasa la tano wanaujaza mpira upepo, nao umelala juu ya mawe yenye joto. Mpira ni mgumu. Saa kumi mvua inanyesha, na baridi inatoka ziwani Kivu. Mpira umelegea! «Ninyi mmetoa upepo!» wanapiga kelele darasa la sita. Wengine wanakunja ngumi. Mwizi ni nani?

Huenda hakuna mwizi. Hewa yenye joto husukuma kwa nguvu ngozi ya mpira. Ikipoa, husukuma kidogo, ijapokuwa haikutoka hata chembe. Mpira uliojazwa katika joto la digri 37, ukipoa hadi digri 17, huweza kupungukiwa karibu sehemu moja ya kumi ya ugumu wake.

Jaribuni wenyewe. Tieni maji ya moto kidogo katika chupa ya plastiki, itikiseni, yamwageni, mfunge kifuniko upesi. Sasa itumbukizeni katika maji ya baridi. Mbavu zake zitabonyea, na hakuna aliyeigusa.

Katika mpira wa miguu timu zote mbili hupiga mpira mmoja. Ukilegea, huwalegea wote. Lakini katika mpira wa Marekani kila timu hushambulia kwa mipira yake yenyewe. Mwezi wa Januari 2015, mipira ya timu ya New England Patriots ilipimwa katikati ya mchezo, siku ya baridi, ikaonekana imelegea. Je, ni baridi au ni mkono wa mtu? Wakubwa wa mchezo walisema ni mkono wa mtu. Wataalamu wengi wakasema baridi peke yake yaweza kufanya hivyo. Ugomvi ulifika mahakamani, ukadumu zaidi ya mwaka.

Basi, mpira upimwe na mwamuzi mbele ya timu zote mbili, uwanjani penyewe, mchezo unapokaribia kuanza. Na ukilegea baadaye, mwulize kwanza jua na mvua, kabla hujamwita mwenzako mwizi.