EKUTERI MBAYA AO SIKIO MBAYA?

Ndugu mufanyakazi, kila mara mushahara unapotoka, watu wengi wananunua ekuteri sokoni, vile vidude vidogo vya kuingiza ndani ya masikio ili kusikiliza muziki wa telefone. Muuzaji anakujaribisha palepale, katikati ya makelele ya kamiyo na ya radio za jirani zake. Anapandisha sauti mpaka mwisho, anakuuliza: «Unasikia?» Unajibu ndiyo, unatoa franga. Ukifika nyumbani, unaona sauti ni kama ya bati.

Leo tunataka kukuonyesha namna ya kupima ekuteri vizuri. Si kwa ajili ya muziki tu. Njia ile ile inaweza kukuambia jambo lenye bei kubwa zaidi: hali ya masikio yako mwenyewe.

Kwanza, ni lazima izibe. Ekuteri ya ndani ya sikio ni ndugu ya bushoni unayotia kazini. Kama kuna nafasi kati ya mupira na ngozi, sauti nene zinatoroka, gitaa basi inapotea, unabaki na sauti nyembamba tu. Ndipo mutu anapandisha nguvu ili kurudisha kile kilichotoroka, na sikio linalipa. Basi fanya kama ulivyofundishwa juu ya bushoni: pitisha mukono wa upande mwingine nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, kisha ingiza polepole. Tundu la sikio la mutu mukubwa lina urefu wa santimetre 2 na nusu hivi. Usisukume kama mwenye kupiga musumari. Mara nyingi ndani ya paketi kuna mipira mingine, midogo na mikubwa. Watu wanaitupa, ni kosa. Ijaribu yote. Masikio mawili ya mutu moja hayalingani siku zote.

Pili, usidanganywe na nguvu. Katika mwaka 1933, Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti ikiwa chini, sikio linasikia vibaya sauti nene, ikipanda, zinarudi. Kwa hiyo ekuteri inayopiga kwa nguvu inaonekana nzuri kuliko ile inayopiga pole, hata kama sivyo. Ukilinganisha mbili, shusha ile yenye nguvu mpaka zilingane, kisha hukumu. Na jina la kampani kubwa lililoandikwa juu ya paketi si ushuhuda.

Chagua wimbo unaoujua tangu zamani. Sisi tuna bahati, rumba yetu ni kipimo kizuri sana. Wakati wa sebene, jaribu kufuata gitaa mi-solo peke yake, bila kupandisha sauti. Ekuteri nzuri inakuachia kuitenga na solo. Mbaya inazichanganya kama uji. Sikiliza basi: je, kila noti inaanza na kuisha, ao zote zinakuwa mungurumo moja? Waimbaji wakitamka «s», je, ni sauti ya mutu ao ni wembe? Maracas na matoazi yanasikika kwa mbali, safi? Kama muziki unapendeza ukiwa chini, hiyo ekuteri ni ya kununua.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe.

Tafuta wimbo wa zamani, wa wakati ambapo muziki ulikuwa haujagawanywa kushoto na kuume. Mufano ni «Masanga» ya Mwenda Jean Bosco, ambayo Hugh Tracey aliirekodi kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, katika mwaka 1952. Gitaa ile inatakiwa kusikika katikati kabisa ya kichwa. Ikiegemea upande moja, usiende bado kugombana na muuzaji. Pangusa ekuteri zote mbili, kwa sababu vumbi na nta ya sikio vinaziba kile kichujio kidogo. Hakikisha zimeziba. Kisha badilisha: ya kushoto uitie kuume, ya kuume uitie kushoto. Kama udhaifu umehama pamoja na ekuteri, ekuteri ndiyo mbaya. Kama udhaifu umebaki kwa sikio lile lile, mugonjwa ni sikio. Labda ni nta tu. Labda ni usaha, ao ni kazi ya makelele. Usichokoe kwa kijiti cha kiberiti wala kwa ufunguo, nenda ukaangaliwe.

Lakini makelele ya mashine kwa kawaida yanaharibu masikio yote mawili pamoja, na hapo kubadilisha hakutaonyesha kitu. Sikio la kijana linasikia toka hertz 20 mpaka 20.000. Makelele yanaanza kula kati ya 3.000 na 6.000, zaidi karibu na 4.000. Hapo ndipo penye maracas, na ndipo penye «s», «f» na «t» katika maneno ya watu. Mutu aliyepoteza hapo hasemi kwamba hasikii. Anasema bibi yake ananung'unika, watoto hawatamki vizuri, na ekuteri zote za siku hizi zimefifia. Anachagua ile kali kupita zote, naye anaisifu!

Mama wa nyumbani, hapa mutusaidie. Siku ya kupumzika, baba aweke wimbo chini mpaka karibu asisikie tena maracas. Kisha mutoto wa miaka kumi na mbili ao zaidi asikilize kwa ekuteri ile ile, baada ya kupanguswa. Kama mutoto anasikia maracas wazi na baba hasikii kitu, ekuteri haina kosa. Hiki si kipimo cha munganga, ni alama tu ya kwenda kuomba kipimo. Musikifanye jioni baada ya kazi: sikio lililotoka kwa makelele limechoka na linadanganya. Hata lopitalo, kabla ya kupima, wanaomba sikio lipumzike saa 14 ao zaidi.

Sikio lina posho yake ya kila siku. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya ya kazi inashauri isipite desibeli 85 kwa muda wa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, wakati unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja, na 100 kwa dakika 15. Mashine ya kutoboa jiwe inapita 100. Aliyeishika bila kinga amekula posho yote kabla ya kurudi nyumbani, na muziki wa nguvu usiku ni deni. Chembe za kusikia zikikufa ndani ya sikio la mutu, hazioti tena.

Ekuteri ya muziki si bushoni, na usiitie kazini chini ya kasiki ya makelele: honi ya kamiyo inayorudi nyuma hutaisikia. Ukienda kwa munganga, umwambie ni upande gani, tangu lini, kama masikio yanalia usiku, na mashine gani umefanya nazo kazi, miaka mingapi.