Maumivu Yanayozunguka Kutoka Kifuani Hadi Mgongoni

Maumivu yanayoanza kifuani, yakapita ubavuni na kutokea mgongoni, humnyima mtu usingizi zaidi kwa hofu kuliko kwa uchungu wenyewe. Wengi wa wilaya za Ngara na Biharamulo huyaita kichomi, na wazo la kwanza huwa ni moyo au mapafu. Mara nyingi ugonjwa uko nje ya viungo hivyo viwili: uko kwenye ukuta wa kifua, yaani mbavu, gegedu, misuli na neva.

Tuna jozi 12 za mbavu. Kwa nyuma kila ubavu umeshikana na pingili za uti wa mgongo. Kwa mbele, jozi 7 za juu zimeungwa na mfupa wa kidari kwa gegedu. Chini ya kila ubavu hupita neva inayotoka kwenye uti wa mgongo na kuzunguka hadi mbele. Kifua kimesukwa kama tenga: ukivuta ufito wa mbele, na wa nyuma unasogea. Ndiyo maana gegedu iliyovimba karibu na kidari huumiza hadi chini ya bega, na pingili yenye hitilafu ikamfanya mtu ashike kifua. Kuvuta pumzi ndefu, kukohoa au kugeuka kitandani huyaamsha maumivu.

Gegedu zinazosumbua zaidi ni za ubavu wa pili hadi wa tano. Kwa kawaida huuma bila uvimbe wa kuonekana; ugonjwa wenye uvimbe unabeba jina la Alexander Tietze, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1921. Chanzo wakati mwingine hakipatikani. Lakini katika milima ya Ngara, ambako shamba la maharage hulimwa kwa jembe la mkono na dumu la lita 20, kilo 20 kamili za maji, hupandishwa mlima kichwani, sababu haziko mbali. Kikohozi cha wiki kadhaa nacho kinatosha.

Kipimo cha kwanza ni kidole cha tabibu. Akibonyeza mahali pamoja na mgonjwa akasema "hapo hapo, ndiyo yenyewe", ukuta wa kifua unashukiwa. Picha ya eksirei haionyeshi gegedu iliyowaka, kwa hiyo picha safi haina maana kwamba mgonjwa anajisingizia. Hata hivyo, kidole peke yake hakiuondoi moyo kwenye hesabu. Kifua kinachobana mtu akipanda mlima, maumivu yanayokwenda tayani au mkononi pamoja na jasho jembamba, au mpasuko wa ghafla katikati ya mabega: huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Maumivu ya kuunguza ya upande mmoja, yakifuatwa siku chache baadaye na malengelenge, ni mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya siku 3 tangu vipele vitokee.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Biharamulo ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na wachimbaji wadogo wanashuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na kusaga mawe kwenye makarasha yenye vumbi zito. Vumbi la mawe hayo huharibu mapafu na kumweka mchimbaji karibu na kifua kikuu. Vijidudu vikifika kwenye pingili huibana neva, na maumivu huzunguka mbavu kama mkanda. Mgonjwa anaweza asikohoe kabisa, na makohozi yakapimwa yakakutwa safi. Kijana wa namna hii hununua vidonge dukani mwezi baada ya mwezi, hadi miguu inaanza kulegea. Maumivu yanayozidi kila wiki, yasiyotulia usiku, yakiambatana na kukonda, jasho la usiku au kinundu kwenye uti wa mgongo, yasiitwe uchovu wa kazi. Kipimo kikubwa zaidi huenda kikahitaji safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, na ni safari inayostahili nauli. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, na zikianzwa mapema zinaweza kuiokoa miguu.

Hatari hizo zikishaondolewa, inabaki kazi ya kuishi na maumivu ambayo huchukua wiki, pengine miezi, na hurudi msimu wa kulima. Diklofenaki hutuliza, ila kuila kila siku bila usimamizi huchubua tumbo, hupandisha shinikizo la damu na huumiza figo. Kitambaa cha moto na parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi. Kulala siku nzima hukaza misuli. Afadhali kulima kipande kifupi, kupumzika, kubadilisha mkono wa mbele kwenye mpini, na kubeba lita 10 mara mbili.

Lakini tabibu anayemwambia mama wa Rulenge, Ngara, "pumzika" bila kuuliza nani atachota maji hajamtibu. Mumewe au watoto wakubwa wanafaa kuitwa ndani waelezwe mbele yake kwamba maumivu ni ya kweli, kwamba hayamuui, na kwamba dumu la jioni sasa ni lao mpaka mbavu zitulie.