Kisahani cha McMinnville na Umbali Usiomo Pichani

Picha ya kitu kilicho angani, hata ikiwa safi kiasi gani, hueleza jambo moja tu la uhakika kuhusu ukubwa wake, nalo ni pembe iliyojazwa na kitu hicho mbele ya lenzi. Umbali haumo pichani, na pasipo umbali ukubwa halisi haupatikani: kitu chenye upana wa sentimita 10, kikiwa mita 4 kutoka kwenye kamera, huchukua kwenye filamu nafasi ileile inayochukuliwa na chombo chenye upana wa mita 30 kilicho umbali wa mita 1,200. Kanuni hii ya jiometria ndiyo kiini cha ubishi, uliodumu kwa zaidi ya miaka 70, kuhusu picha mbili zilizopigwa karibu na mji wa McMinnville, katika jimbo la Oregon nchini Marekani.

Picha hizo zilipigwa tarehe 11 Mei 1950 katika shamba la mkulima mmoja na mkewe. Kwa maelezo yao, mke alikuwa ametoka kulisha sungura, yapata saa 1:30 jioni, alipokiona kisahani cha rangi ya fedha kikija polepole, akamwita mumewe, naye akapiga picha mbili kabla hakijatokomea. Filamu iliachwa ndani ya kamera hadi ilipokwisha, ndipo ikasafishwa; mwezi Juni gazeti la mji lilizichapisha picha hizo, na kabla ya mwezi kwisha zilikuwa zimetokea katika jarida la Life. Zinaonyesha kitu bapa chenye kijiti kifupi juu, mithili ya mfuniko wa sufuria, na juu yake zinapita nyaya.

Uchunguzi wa kina ulifanywa na kamati ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoongozwa na mwanafizikia Edward Condon kwa fedha za Jeshi la Anga la Marekani. Mwanaastronomia William Hartmann alitumia fotometria, yaani upimaji wa kiasi cha mwanga kilichorekodiwa kwenye filamu. Hewa ina chembe zinazotawanya mwanga, na kwa sababu hiyo kitu cheusi hupauka kadiri kinavyokuwa mbali, kama mlima wa mbali unavyoonekana hafifu kuliko kichaka cha karibu. Hartmann alilinganisha upande wa chini wa kisahani na upande wa chini wa tangi lililokuwa uani, akaona ule wa kisahani umepauka zaidi, naye akakadiria umbali wa kilomita 1.3. Katika ripoti iliyotolewa mwaka 1969, aliihesabu kesi hiyo miongoni mwa chache ambazo vipengele vyake vyote vilivyochunguzwa vinaafikiana na kauli ya mashahidi. Hata hivyo hakuuondoa uwezekano wa ughushi, kwa kuwa kisahani kiko chini ya takriban sehemu ileile ya nyaya katika picha zote mbili, ilhali mpigapicha alikuwa amehama kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Baadaye Robert Sheaffer na Philip Klass walitazama kitu ambacho wengi walikipuuza, nacho ni vivuli vilivyo chini ya paa la banda la gari. Vivuli hivyo viliangukia ukuta unaoelekea mashariki, jambo linaloashiria jua la asubuhi, si la jioni. Hartmann alipoipata hoja hiyo, alirudi nyuma katika msimamo wake. Bruce Maccabee, mwanafizikia wa nuru aliyefanya kazi na Jeshi la Majini la Marekani, aliendelea kuzitetea picha hizo, akidai kwamba vivuli vingeweza kusababishwa na wingu lililong'azwa na jua, na kwamba vipimo vyake bado viliweka kitu hicho umbali wa zaidi ya kilomita moja.

Udhaifu wa vipimo hivyo umo katika dhana vinazoegemea. Fotometria hutoa umbali sahihi iwapo tu upande wa chini wa kisahani ulikuwa mweusi na wa kitu kisichopenyeza mwanga. Kama ulikuwa mweupe, au wa kitu kinachopenyeza mwanga kidogo, weupe unaodhaniwa kuwa wa hewa ya kilomita nzima ulikuwa wa kitu chenyewe, hata kama kilikuwa mita chache tu kutoka kwenye kamera. Mwaka 2013 wachunguzi waliotumia programu ya Kifaransa iitwayo IPACO walikokotoa mistari ya kuonea kutoka mahali pawili pa kamera, wakahitimisha kwamba inalingana na kielelezo kidogo kilichoning'inizwa kwa uzi kutoka kwenye nyaya.

Mkulima na mkewe hawakuwahi kukiri ughushi, na watetezi wao husisitiza kwamba hawakutafuta utajiri kwa picha hizo. Lakini uaminifu wa shahidi haupimi umbali, na mwenye kudai chombo cha ajabu ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Maadamu kielelezo kidogo, uzi na waya vinatosha kueleza kila kilichomo kwenye filamu hizo, picha za McMinnville haziwezi kuhesabiwa kuwa ushahidi wa chombo kisichojulikana.